Mabaki Yasipotee

Ujumbe wa Jumapili, ibada ya pili
Masomo: Yohana 6:5-13, 2 Wafalme 4:1-7, Kutoka 16:19-20

 

Kawaida mhubiri huhubiri kwanza, halafu watu wanakuja mbele kutubu. Leo tutageuza. Mhubiri ndiye atakayetubu kwanza, kisha tufungue Biblia pamoja. Kwa hivyo mnivumilie kidogo.

Nyote mnakumbuka neno letu la mwaka wa 2024. Tulilipokea katika kesha la kufungua mwaka, tukalishangilia mpaka sauti zikakauka: Mwaka wa Kufurika. Tukachapisha fulana. Tukatundika bango pale langoni. Kongamano la Pasaka lilipofika tukanunua maji katoni kwa katoni, zile chupa za nusu lita, na kila chupa tukaibandika karatasi yenye jina la kanisa na maneno hayohayo. Pilau ikapikwa, ikapakuliwa kwa sahani nyeupe za kutupa. Siku tatu watu walikula na kunywa, Mungu akatenda mambo makuu, watu wakaokoka. Hilo silikatai, na utukufu ni wake.

Jumatatu asubuhi timu ya usafi ilifagia uwanja, ukang'aa. Lakini zile chupa na sahani zilienda wapi? Gari la taka halikuja wiki hiyo. Zilienda nyuma ya ukuta, zikashuka kwa mtaro. Mimi nilipita pale, nikaziona kwa macho yangu, nikasema moyoni, "Mvua itabeba."

Mvua ilibeba kweli. Mwezi wa nne ulikuja na ile mvua ambayo hakuna mtu wa Nairobi ameisahau. Mto Mathare ulivunja kingo, watu wakapoteza maisha, wengine wakahama usiku na watoto mgongoni. Mtaro wetu nao ukaziba. Na chini ya ukuta wetu, mnajua, kuna nyumba za mabati. Katika moja anaishi shosho mmoja na mjukuu wake. Si mshirika wetu. Maji yaliingia kwake usiku yakafika kitandani. Alipoteza godoro, unga, na vitabu vya shule vya mtoto.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, shosho alikuja ofisini kwangu akiwa amebeba beseni. Mimi nilidhani amekuja kuomba msaada, nikaanza kutafuta mfukoni. Akaliweka beseni chini. Ndani mlikuwa na chupa na sahani zimejaa matope. Karatasi zilikuwa bado zimeshika, ungeweza kusoma bila miwani: Mwaka wa Kufurika. Akaniambia, "Pasta, nimewarudishia vitu vyenu. Kwangu kumefurika." Akageuka, akaenda zake.

Tulimnunulia godoro. Tulimpelekea unga. Lakini sikusimama hapa kuwaambia kwamba katika yale maji kulikuwa na mkono wetu. Niliogopa aibu. Leo nasema mbele za Mungu na mbele yenu: nilikosa. Mnisamehe.

Sasa tulifungue Neno.

YESU HAKUACHA UWANJA MCHAFU

Habari ya mikate mitano tunaijua tangu shule ya Jumapili. Filipo anapiga hesabu na kuona hata dinari mia mbili hazitoshi. Andrea analeta mtoto mwenye mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Watu wanaketi kwenye nyasi, wanaume peke yao elfu tano, wanakula mpaka wanashiba. Hapo ndipo wahubiri wengi hufunga Biblia na kuanza kuombea watu muujiza wa pesa.

Lakini soma mstari wa 12. Watu wakiwa wameshiba, Yesu anawageukia wanafunzi wake na kuwaagiza waokote mabaki yote, kusudi kusiwe na cha kuharibika. Waliokota, wakajaza vikapu kumi na viwili.

Mpendwa, hebu fikiria. Huyu amelisha maelfu kwa chakula cha mtoto mmoja. Kama kuna mtu angeweza kusema, "Achaneni na hayo, kesho nitafanya mingine," ni yeye. Mwenye uwezo wa kuongeza ndiye aliyekataa kupoteza. Sisi tusioweza kuongeza hata pakiti moja ya unga bila kwenda dukani, ndio tunaotupa.

Tena angalia ni nani walioambiwa waokote. Bwana hakuwatafuta watoto. Hakuita akina mama wa jikoni. Aliwatuma wanafunzi wake, hao ambao kesho wangekuwa mitume. Petro aliinama kwenye nyasi. Yohana aliinama. Kwa hivyo wazee wa kanisa, mashemasi, na mimi mchungaji wenu, kazi ya kuokota ni yetu kwanza. Semeni Amina.

Kutokana na masomo ya leo nina mambo manne.

1. MALIZA KILICHOMO

Nilipokuwa mdogo mama yangu alikuwa na tabia iliyonisumbua sana. Pakiti ya maziwa ikiisha, alikuwa anaikata kwa kisu, anaimiminia maji kidogo, anaitikisa, halafu anamwaga kwa sufuria ya chai. Siku moja mwalimu wangu wa darasa alitutembelea, na mama akafanya vilevile mbele yake. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mgeni alipoondoka nikamlaumu: "Mama, umetuaibisha. Ataona sisi ni maskini."

Mama hakukasirika. Alinijibu, "Mwanangu, ng'ombe alitoa. Mtu akaamka saa kumi ya usiku akakamua. Mwingine akabeba mpaka hapa. Mimi ni nani nimwage?"

Wakati ule niliona ni ushamba. Siku hizi naona ni theolojia. Mama yangu hakuwa amesoma Yohana 6:12 kwa Kigiriki, lakini aliitii.

Sasa tuingie jikoni, kwa sababu utii usiofika jikoni ni maneno tu. Pakiti ya unga ina kona, na kwenye kona kuna unga. Ikung'ute. Chupa ya mafuta ikionekana imeisha, iegemeze kichwa chini juu ya sufuria usiku kucha, asubuhi utapata ya kukaangia kitunguu. Mkebe wa siagi ukwangue kwa kijiko. Pakiti ya nyanya ya kusagwa isuuze kwa maji, uyamwage kwa mchuzi. Ugali uliolala hauna kosa, uukaange ule na chai.

Na kabla ya kumaliza kilichomo, angalia namna ya kununua. Kile kipakiti kidogo cha mafuta kinaonekana rahisi, lakini ukinunua kila siku, kwa mwezi unakuwa na vipakiti thelathini vya kutupa. Dukani kuna mafuta ya kupima. Enda na chupa yako. Kuna ATM za maziwa karibu kila mtaa. Enda na chombo chako, unalipia maziwa bila kulipia pakiti. Mwambie jirani yako: "Beba chombo chako."

2. CHOMBO KITUPU KIPE KAZI YA PILI

Sasa twende 2 Wafalme 4. Mjane wa mmoja wa wana wa manabii ana deni, na mwenye kudai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Anamlilia Elisha. Elisha anamwuliza nyumbani kwake ana nini. Anajibu hana kitu ila chupa ya mafuta. Ndipo mtumishi wa Mungu anampa agizo la ajabu: nenda kwa majirani zako wote ukaazime vyombo, viwe vitupu, na visiwe vichache.

Sikiliza vizuri. Hakutumwa kuazima pesa wala mafuta. Alitumwa kuazima vyombo vitupu! Akafunga mlango, wanawe wakawa wanamletea, yeye anamimina. Mafuta yaliendelea muda wote vyombo vilipokuwapo. Mwana aliposema hakuna kingine, mafuta yakakoma. Akauza, akalipa deni, na kilichobaki kikawalisha yeye na watoto.

Nikauliza Roho Mtakatifu swali hili: kama majirani wa yule mama wangekuwa kama sisi, kila chombo kikiisha kinarushwa mtaroni, angeazima wapi? Watoto wake wangeenda utumwani kwa sababu ya majirani wanaotupa.

Na hapa ndipo Mungu alinionyesha kosa la mwaka wetu. Tuliomba kufurika, lakini hatukuwa na habari na vyombo. Mafuta ya mjane yaliingia kwenye vyombo, yakawa baraka. Maji yetu yalikosa njia, yakawa mafuriko kwa shosho. Ukimwomba Mungu akuongezee, jiulize vyombo viko wapi na mabaki yataenda wapi.

Jambo hili si geni kwetu. Wazee wetu walilijua. Debe tunalopimia mahindi lilikuja kwanza na mafuta ya taa. Gorogoro ilikuwa mkebe wa mafuta ya kupikia kabla ya kuwa kipimo cha soko zima. Koroboi iliyotusomesha wengi wetu ilikuwa kopo ambalo fundi alilipa kazi ya pili. Ukienda sokoni mama anakupimia maharagwe kwa kasuku. Taifa hili limekula kwa vipimo vilivyotokana na mikebe mitupu.

Profesa Wangari Maathai alipoanzisha kazi ya Green Belt Movement mwaka wa 1977, akina mama wa vijijini waliotesha mbegu kwa vyombo walivyokuwa navyo, hata vyungu vilivyovunjika. Mwaka wa 2004 dunia ilimpa Tuzo ya Amani ya Nobel. Usidharau chungu kilichovunjika.

Kwa hivyo ukifika nyumbani, angalia. Mtungi wa mafuta wa lita 20, ukiuosha vizuri kwa maji moto na sabuni, unachota maji kwa miaka. Kasuku inahifadhi chumvi, ndengu, njugu. Chupa ya glasi ya jemu inaweka viungo na haishiki harufu. Pakiti ya maziwa, itoboe chini, ijaze udongo, oteshea mche wa mti au nyanya. Gunia la viazi lijaze udongo na mbolea, toboa mashimo kando, panda sukuma wiki. Hata ukiishi kwa chumba kimoja utakula mboga mlangoni kwako.

3. LAKINI TUMIA HEKIMA

Si kila chombo kinarudi mezani. Nasema hili kama mzazi. Msiweke mafuta ya taa kwenye chupa ya soda. Mtoto anajua kitu kimoja kuhusu chupa ya soda, kwamba ndani mna soda. Ataiona, ataifungua, atakunywa. Mafuta ya taa yawe kwa chombo chake, chenye alama, mahali mtoto hafiki. Na likitokea, msimtapishe mtoto wala kumnywesha maziwa mkidhani mnaosha sumu, mkimbizeni hospitali.

Mkebe uliobeba dawa ya kunyunyizia mboga au dawa ya mifugo usihifadhi chakula wala maji, hata ukiuosha mara saba kama Naamani. Vile vyombo vyembamba vya plastiki havikutengenezwa kwa uji wa moto. Weka ndani vitu vikavu. Na tafadhali, acheni kuwasha jiko kwa juala na chupa. Ule moshi ni sumu, na anayeuvuta wa kwanza ni mama aliyeinama kupuliza, akiwa na mtoto mgongoni.

Kuna kosa lingine upande ule mwingine. Mtu amehubiriwa asitupe, sasa chini ya kitanda kuna chupa mia mbili. Kutoka 16 inatuambia kuna Waisraeli waliobakiza mana mpaka asubuhi ingawa walikatazwa. Ikaingia mabuu, ikanuka, na Musa akawakasirikia. Kukusanya ni utii, kurundika ni hofu. Kama chombo hakina kazi kwako, kioshe umpe anayekihitaji. Wale vijana wanaopita na magunia wakiokota chupa wanaishi kwa kazi hiyo. Usiwafukuze kama wezi. Mwekee kando chupa safi na kavu, umsalimie kwa heshima. Huenda yeye ndiye anayetekeleza Yohana 6:12 mtaani kwenu.

4. NYUMBA YA MUNGU IANZE

Wapo watakaosema, "Pasta, haya mambo hayawezekani, watu wamezoea." Mnakumbuka tarehe 28 Agosti 2017? Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, faini ikawa hadi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka minne. Watu walilia, wakasema tutabebea nini. Leo kila mtu hapa ana kiondo au mfuko wa kitambaa. Tulibadilika kwa kuogopa faini. Je, hatuwezi kubadilika kwa kumpenda jirani?

Na sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka wa 2022 inatutaka tutenganishe taka zinazooza na zisizooza. Maganda yakiwa peke yake ni mbolea. Yakichanganywa na plastiki, yote ni uvundo. Jaa la Dandora lilifunguliwa mwaka wa 1975. Mwaka wa 2001 lilitangazwa kuwa limejaa. Malori bado yanaingia, na kuzunguka jaa hilo kuna watoto, kuna shule, kuna makanisa yanayomwabudu Mungu huyu huyu. Tunapotupa, hatutupi "huko". Huko ni kwa mtu.

Kwa hivyo baraza la wazee limekubaliana haya. Kuanzia sasa, kanisa halitanunua maji ya chupa ndogo kwa kongamano lolote. Tutaweka mitungi mikubwa, na kila mtu atakuja na kikombe chake. Siku ya chakula cha ushirika utakuja na sahani na kijiko chako, na utarudi nacho nyumbani. Wageni tutawawekea sahani za kanisa, na zamu ya kuziosha itaanza na wazee. Chakula kikibaki, hakitamwagwa; kitapakiwa kikiwa bado kizuri na kupelekwa nyumba zitakazotajwa na idara ya akina mama.

Jumamosi hii, saa mbili asubuhi, tunazibua mtaro. Leteni majembe, glavu na magunia. Mimi nitakuwa wa kwanza kushuka. Kabla ya kushuka nitabisha kwa shosho na kumwambia mbele ya mjukuu wake kile nilichowaambia ninyi leo. Sijui atanijibu nini. Pengine hatanijibu. Pengine hatakuja kanisani kwetu maisha yake yote. Hatuendi kwa sababu ya kuongeza hesabu ya washirika. Tunaenda kwa sababu tulikosa.

SALA

Inua mkono wako kama Neno limekugusa, tuombe pamoja:

Baba Mungu, wewe ndiwe unayetulisha. Utusamehe kwa chakula tulichomwaga wakati jirani ana njaa, na kwa taka tulizosukuma mbele ya mlango wa mwingine. Utupe macho ya kuona kilichobaki na mikono ya kukiokota. Nyumba zetu ziwe na vyombo vya kupokea baraka zako, na kufurika kwetu kusimwumize mtu. Katika jina la Yesu. Amina.

KWA USHIRIKA WA NYUMBANI WIKI HII

1. Soma tena Yohana 6:12-13. Kwa nini unadhani Yesu aliwapa kazi hii wanafunzi, asiwaache watu waliokula waokote wenyewe?

2. Kila mtu ataje kitu kimoja ambacho nyumbani kwake hutupwa kabla hakijaisha. Mtakubaliana vipi kukimaliza?

3. Taka zako zikitoka mlangoni zinaenda wapi? Zifuate kwa miguu siku moja, uone zinaishia kwa nani.

4. Je, nyumbani kwako kuna mafuta ya taa au dawa iliyowekwa kwenye chupa ya kinywaji? Usingoje ushirika uishe. Ihamishe leo.

5. Njooni ushirika ujao kila mmoja na chombo kitupu kilichooshwa. Mnaohitaji mchukue, mlio navyo vingi mtoe.